Kitabu Kibovu cha Mahalaya

Jioni ya Mahalaya Nirupoma Shikdar alikaanga biringanya, akafuta kiti cha mumewe, akavaa miwani. Mumewe, Bhabatosh, alikuwa amekufa miaka mingi lakini bado hakupenda kukalia vumbi.

Katika mtaa ule wa Kolkata marehemu wa kila nyumba huja siku hiyo. Asubuhi watoto wao wa kiume huwamwagia maji na ufuta mtoni. Magharibi marehemu wenyewe hupita nyumbani, wakanywa, wakaenda zao. Ng'ambo ya kichochoro, jirani yake Shefali alikuwa ameshamaliza na wake.

"Wangu kapiga funda moja, huyo, keshaondoka," Shefali akasema dirishani. "Wako bado anakaa?"

"Anakaa mpaka hadithi iishe."

"Una bahati, dada."

Bahati yenyewe ilikuwa na masharti. Nirupoma na Bhabatosh hawakujaaliwa mtoto, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwagia marehemu maji. Na huko aliko ruhusa haitolewi bure, lazima useme unafuata nini. Bhabatosh alisema anafuata hadithi mpya ya Gojapoti. Aliyekuwa zamu mlangoni akamwelewa, maana naye alikuwa msomaji.

Gojapoti ni mpelelezi mnene anayeogopa paka. Hutokea kila mwaka katika toleo nono la jarida moja, kabla ya sikukuu ya Durga. Humkamata mtu asiye na hatia, huomba radhi, hula, kisha shangazi yake Torubala, ambaye tangu asubuhi yuko sakafuni anakata maboga, humtaja muuaji bila kuinua macho. Miaka yote ya ndoa Nirupoma alisoma kwa sauti na Bhabatosh akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Bila Gojapoti, wale wawili sijui wangezungumza nini.

Mwaka huo alisoma na Bhabatosh hakucheka. Paka alimrukia Gojapoti begani, na kurasa chache mbele akamrukia tena. Muuaji alikuwa pacha wa mrithi, kama mwaka jana, kama mwaka juzi. Shangazi Torubala alikuwa amenunua simu, na hakukata hata kitunguu.

"Unasikia," Nirupoma akasema. Ndivyo alivyomwita siku zote, kwani mke wa malezi yake hatamki jina la mume. "Pengine mbele kitachangamka."

"Niru, huu ni uji wa mgonjwa. Na mwandishi mwenyewe, Anadi babu, nacheza naye karata kule tangu mwaka wa mafuriko. Anasema hakijui kitabu hiki." Bhabatosh akavua miwani. "Shida ni kwamba nikirudi nitaulizwa kilikuwaje, na kule mtu hawezi kudanganya. Niachie sura ya mwisho. Nikiwa na kiporo, mwakani watanipa ruhusa. Baada ya hapo sina ninachofuata."

Akaondoka mapema. Nirupoma alijaribu kula biringanya peke yake, zikamshinda. Kufa kwa mumewe alikuwa amekuzoea. Kutokuja kwake hakujua ataanzia wapi kukuzoea.

Kesho yake akaenda mtaa wa vitabu. Mhariri wa jarida, Bwana Kanjilal, alimkaribisha chai kwenye kikombe cha udongo.

"Anadi babu ni mzima wa afya, anaandika kila siku," mhariri akasema.

"Mume wangu anacheza naye karata kila jioni. Wote wawili ni marehemu."

Bwana Kanjilal akakoroga chai yake. "Nani hushinda?"

"Anadi babu. Huficha karata mkononi mwa shati."

"Basi ndiye," mhariri akakubali. Akaeleza kwamba ghorofani kuna vijana watatu. Mmoja anaandika paka, mmoja shangazi, mmoja mauaji, na hawasemeshani.

"Kwa nini msiwaache wapumzike, yeye na Gojapoti?"

"Dada yangu, kila mwaka mnakuja hapa kulalamika. Mwaka huu umekinunua?"

"Nimekinunua."

"Haya, kunywa chai, itapoa."

Alikunywa. Alikuwa na hasira, tena zaidi na nafsi yake, kwa sababu yule mtu alikuwa amesema kweli.

Mahalaya iliyofuata Bhabatosh alikuja kufuata kiporo chake. Nyuma yake alisimama mzee mwembamba mwenye shati la mikono mipana. Nirupoma akamletea kigoda, akafungua sura ya mwisho. Ukurasani shangazi Torubala alikuwa anapiga simu polisi. Nirupoma akautazama ukurasa, akasoma yasiyokuwamo.

Akasoma kwamba shangazi alitumbukiza simu kwenye maji ya mchele, akawapikia wale pacha wawili samaki wa hilsa, mwenye miiba kama sindano. Mmoja akamla kwa vidole, akizungumza, miiba ikijitokea yenyewe pembeni mwa mdomo. Wa pili akaomba uma. "Huyo hakulelewa na mama yeyote wa hapa," shangazi akasema, bila kuinua macho. Gojapoti akanyanyuka kumkamata, akakabwa na mwiba, akamkamata mpishi.

Bhabatosh alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Haikutoa sauti sakafuni.

"Imeandikwa humo?" akauliza, akipangusa macho.

"Imeandikwa," Nirupoma akasema.

Bhabatosh akamgeukia Anadi babu. Mwandishi alikuwa anauangalia ukurasa kupitia bega la Nirupoma, na macho yake yalikuwa mazuri bado.

"Sikumbuki kuandika hivi," Anadi babu akasema. "Lakini mkono ni wangu. Hebu rudia pale pa uma."

Nirupoma akarudia. Kisha akafungua toleo la mwaka huo, lenye picha ya Anadi babu jaladani na salamu zake za sikukuu kwa wasomaji wote, nalo akalisoma vivyo hivyo, yasiyokuwamo, mpaka mwisho. Anadi babu alitazama picha yake, akasema wamemtoa vizuri.

Mwaka mwingine jarida lilichapishwa nakala nyingi kuliko miaka yote. Nirupoma alifika kwenye meza ya magazeti kabla muuzaji hajafungua kamba.

"Si ulisema cha mwaka jana kibovu, mama?"

"Kibovu. Na hiki kibovu," Nirupoma akasema. "Nifungie."