Cheti cha Moja Tupu

Mama fundi wa cherehani alipiga meza kwa kiganja, kalamu za karani zikaruka. "Hebu rudia! Mwanangu amefanyaje?"

"Amefeli, mama." Karani wa usajili alionyesha jedwali ukutani. "Hapa kwetu tano ndiyo A, moja ndiyo E. Binti yako ana moja masomo yote tisa. Chuo cha uuguzi hakichukui E. Na saa sita nafunga orodha."

Ilikuwa saa tano na nusu. Binti alisimama nyuma ya mama yake, macho chini. Miaka minne alisoma ng'ambo ya mpaka, kwa shangazi yake, na huko anayeongoza darasa hupewa moja. Mtoto kasoma mpaka macho yakavimba, leo bwana huyu mwenye tai iliyopinda anamwita mjinga!

"We baba, una akili timamu?" Fundi akabwaga mezani daftari lake la vipimo. Marehemu baba yake ndiye aliyemfundisha kuandika vipimo kwa herufi za Kiarabu badala ya namba, ili kiuno cha mteja kisisomwe na kila mpita njia. "Tazama! Alifu ni moja, be ni mbili. Herufi ya kwanza na namba ya kwanza ni ndugu tangu enzi za babu zangu. Nani kakudanganya kwamba moja ni mkia?"

Foleni ikacheka. Karani hakucheka. "Mama, kila nchi na hesabu zake. Maelezo huchapwa nyuma ya cheti. Geuza tuone."

Fundi akanywea. Cheti kilikuwa kimegandishwa ubaoni kwa gundi ya viatu. Alikigandisha yeye mwenyewe, akakitundika juu ya cherehani, na leo kaja nacho na ubao wake.

"Si nilikwambia usikigandishe?" Binti aliinua macho kwa hasira. "Ukasema ninyamaze, unataka mashoga zako wakione."

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Fundi alichutama kweli, pale pale sakafuni, akatoa wembe wa kufumulia nyuzi, akaanza kubandua. Alijilaani moyoni: sifa zako hizi, mwanamke, zitammaliza mtoto. Karatasi ikachanika. Maelezo mengi yakabaki kwenye gundi.

Saa sita kasorobo alimwekea karani kilichosalia. Nyuma ulisomeka mstari mmoja tu: *Tano: ameshindwa.*

"Ya moja haipo," karani akasema.

"Haipo, nimeichana mimi! Haya, kama tano ameshindwa, moja je? Sema, baba!"

"Ndiyo ya juu!" foleni ikamjibia.

Karani alikuna kichwa, akasoma tena ule mstari. Akafuta E zote tisa kwenye orodha yake, akaandika A, akapiga muhuri.

Fundi alinyoosha mkono apokee cheti. Binti akamuwahi, akakikunja, akakitia mkobani mwake.

"Hiki nitakitunza mwenyewe," alisema, na mama yake hakuthubutu kuuliza atakiweka wapi.