Barua ya Ishirini

Siku hizi barua za vitisho zinaingia kwa simu: tuma kwa watu kumi, ukikatiza utaona. Mzazi mwenzangu, kabla hujatuma, sikiliza kwanza yaliyompata mama Watiri wa kijiji cha Gakindu, mwaka wa tisini na nne.

Miaka hiyo jioni zilikuwa tamu. Watoto wakishamaliza kuchuma kahawa walijazana jikoni kwa mama mkwe wa Watiri, Cucu Warigia, nyanya wa boma lile, viazi vitamu vikiivia majivuni, na Cucu akawaletea hadithi ya irimu, lile zimwi lenye mdomo wa pili kisogoni. Walipiga mayowe, wakakumbatiana. Lakini hakuna mtoto aliyeruhusiwa kutoka kabla zimwi halijakufa. Hata mvua ianze, hata mama mtu aite huko nje, Cucu alisema, "Ngojeni kwanza tumzike huyu." Wakishamzika walikwenda kulala, wakalala fofofo.

Mwaka huo alikaa kwao msichana wa chuo kikuu, Lynn, aliyekuwa akikusanya hadithi za wazee kwa redio ya kaseti.

Sasa barua. Watiri aliikuta imesukumwa chini ya mlango, fotokopi iliyofifia. Ilisema: Nakili mara ishirini, ugawe ndani ya siku tisa. Mama mmoja aliipuuza, akazikwa siku ya kumi. Watiri alikuwa mwoga hata wa kikohozi cha mtoto. Akamwita Murugi, binti yake wa darasa la nane, mwenye mwandiko mzuri.

"Mami, na tusipomaliza, ni nani atakufa?"

"Wewe andika tu. Na usiambie mtu."

Murugi akaandika jioni tatu, wenzake wakicheka jikoni kwa Cucu. Watiri akazigawa kanisani, kwenye kiwanda cha kahawa, kwa chama cha akina mama. Hakuzihesabu. Kwao kuhesabu watu kulikuwa mwiko, na yeye aliona kila barua ni mtu.

Asubuhi ya kwanza ya mtihani wa darasa la nane, Murugi alifungua Biblia ya mama yake ili aombe. Barua moja kati ya zile ishirini ikaanguka, haijagawiwa. Ilikuwa siku ya kumi.

Akakaa kitandani na sare yake. "Siendi. Nikienda nitarudi nikupate umekufa."

"Murugi, hesabu inaanza saa tatu!"

"Si ni wewe uliniambia niandike? Ati sasa ni uongo?"

Lynn aliposikia kilio akaja mbio na faili yake.

"Murugi, angalia. Niko na barua tisa kama hii. Hii imetoka Chaka, aliyekufa ni chifu. Hii imetoka Kangema, ni mwalimu. Maneno ni yale yale. Ni hadithi tu, inatembea."

Murugi akazitazama moja moja. "Kumbe wamekufa tisa!" Akaangua kilio upya.

"Umemsaidia kweli," akasema Cucu Warigia kutoka mlangoni. "Bado kumwonyesha makaburi. Nisomee hiyo kitu."

Lynn akasoma.

"Endelea."

"Imeisha, Cucu."

"Imeisha wapi? Na huyo anayekula watu ako wapi?" Hakumtazama Lynn, alimtazama Watiri. "Mmemletea mtoto zimwi, mkamwacha nalo kitandani bila kuliua?"

Akaketi kando ya Murugi, jua limeshachomoza, yeye ambaye hajawahi kusimulia mchana. Akasema zimwi lilikaa njia panda likingoja barua ya ishirini. Lilingoja hadi mdomo wa mbele ukaanza kuulaumu wa nyuma: "Ni wewe umekula barua yangu, mlafi!" Midomo ikaumana, zimwi likajila lenyewe, zikabaki kucha. "Nazo kuku wakazidonoa. Tumemzika."

Murugi akacheka, makamasi yakimtoka. Cucu akamtemea mate ya baraka viganjani, na msichana akatoka mbio, Watiri nyuma yake. Walimkuta msimamizi ameshagawa karatasi zamani. Maswali ya mwisho Murugi hakuyafikia, na ile shule ya bweni aliyoiota ikampita kwa alama chache. Alisoma ya kutwa.

Asubuhi ile ya mtihani, kutoka hapo shuleni Watiri hakurudi nyumbani. Alianza kuzifuata barua. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Gladwell, mwenzake wa chama.

"Mama Murugi, afadhali umekuja," Gladwell akasema. "Ile karatasi niliipata kwa kikapu changu, unajua ni nani aliiweka? Mtoto wangu Gatimu aliisoma. Siku ya nne hii hataki kulala, na taa haizimwi."

"Ni mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Mwite nimwambie vile iliisha."

"Lakini mimi nilishatuma zote ishirini, Watiri. Zingine zimefika Kangema kwa dada zangu, na wao wako na watoto."

Watiri akaushika mwimo wa mlango.

"Mwite huyu kwanza," akasema.