Gasketi ya Njia ya Pap Onditi

Gasketi ilipoungua mara ya nne, shemeji yangu Badru alikuja kunipa pole akiwa amevaa kanzu ya Idi. Mtu haji kutoa pole na kanzu ya Idi. Alikaa barazani kwangu, akanywa chai yangu, akasema marehemu ndugu yake, mume wangu, aliniachia lori lakini hakuniachia akili ya lori. Likikwama njiani tena, wazee wa familia wamekubali alichukue yeye. Mimi na wanangu tutahamia kwake Kaloleni, kwenye chumba kilichoshikana na banda la kuku. Nilimwongezea chai ili nisimmwagie.

Gasketi yenyewe ni kipande chembamba cha shaba na asbesto, kinakaa kati ya injini na kifuniko chake. Ndiyo inayofanya moto ubaki mahali pake, na maji mahali pake. Ikiungua, maji yanaingia kwenye moto, gari linatoa moshi mweupe, linakohoa, linazima, na wanawake wenye vikapu wanashuka wakikutukana. Fundi wangu alikuwa Chanchal Singh, mwenye gereji karibu na stesheni ya Kisumu, bingwa ambaye hakuhitaji kuambiwa kwamba ni bingwa. Mara ya kwanza alilaumu gasketi. Mara ya pili akalaumu nati. Mara ya tatu alikisugua kifuniko juu ya kioo mpaka kikanyooka. Mara ya nne hakulaumu kitu, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Mama," aliniambia, "hii gari inakwenda Maseno, kilima tupu, mzigo kamili, haiungui. Inakwenda Pap Onditi, barabara sawa kama meza, inaungua. Injini haiwezi jua soko."

"Labda imerogwa," nikasema, kwa hasira tu.

"Basi mimi nitapanda, nione huyo mchawi."

Siku ya soko la Pap Onditi tulipanda wote watatu mbele: mimi, Chanchal na dereva wangu Ogutu. Badru alikuwa ametangulia huko tangu jana yake, ili awepo kulipokea lori lake. Ogutu alikuwa kijana mpole ajabu, anayempungia mkono kila mtu barabarani, na ng'ombe pia. Tulipofika Ahero alimimina debe zima la maji kwenye rejeta, kwa sababu rejeta yetu ilikuwa kuukuu na ilivuja. Tukaendelea vizuri, Chanchal ameinamisha sikio akisikiliza injini.

Kabla ya Katito kuna kijito cha maji safi ambapo kila dereva husimama. Ogutu hakusimama. Alishusha kofia mpaka puani, akageuza uso upande wa pili, akakanyaga mafuta. Lori likavuka kwa kuruka, na kilemba cha Chanchal kikagonga paa.

"Simama, tia maji," Chanchal akasema.

"Hapa hapana, Sardar. Tutapata mbele."

"Mbele iko nini?"

Ogutu akafikiri. "Mbele iko Pap Onditi."

Mvuke ulianza kutoka. Nilikiona chumba cha kuku kwa macho yangu, na harufu yake nikaisikia. Nikamwambia Ogutu asimame, la sivyo mimi nitaruka. Akasimama, lakini alihakikisha kwanza tumeshapita kona na kijito hakionekani tena. Chanchal alifungua boneti, akagusa kifuniko, akapuliza kidole.

"Haijaungua," alisema. "Ipoe, ipate maji polepole, itapona. Ikienda hivi, imekwisha."

"Ogutu," nikamwuliza, "pale kijitoni kuna nini?"

Alitazama viatu vyake. "Iko maro, Mama."

Mimi nimezaliwa Kisumu, nikaelewa papo hapo. Chanchal ilibidi aelezwe kwamba maro ni mama mkwe. Ogutu ameoa kwenye boma lililo juu ya kijito kile, na asubuhi za siku ya soko mama mkwe wake huteka maji pale na kuoga. Mjaluo mwenye adabu akimkuta mama mkwe wake akioga, afadhali azame ziwani.

"Si ungeniomba debe la pili la kubebea maji?" nikasema.

"Ungeniuliza ni ya nini."

Ni kweli, ningemwuliza, tena mbele ya watu. Chanchal alikaa kwenye madigadi. "Mimi nimelaumu chuma ya watu bure," akasema. "Kumbe ni heshima."

Nilikuwa na hasira na huruma kwa pamoja, nisijue ipi nianze nayo. Nikachukua debe nikarudi kijitoni. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na mtungi uliojaa nusu, na kutoka kwenye mafunjo nikasikia kikohozi.

"Ameshapita?" sauti iliuliza kwa Dholuo.

"Amepita."

Akatoka Min Akeyo, yaani Mama Akeyo, yule mama mkwe mwenyewe, tope mpaka magotini, amenuna. "Kila siku ya soko nasikia gari lake kutoka mbali," alisema. "Naacha mtungi wangu, najificha humu na mbu, ili mkwe wangu asimame achote maji bila aibu. Naye anapita mbio, vumbi lote kwangu. Nimemwambia binti yangu mume wake ana kiburi."

Nilipomweleza, alikaa chini palepale kwenye tope akacheka mpaka akashika mafunjo asianguke. Kisha akajaza mtungi, akajitwika, akanipita. Kabla tu ya kona akautua chini, akaingia nyuma ya kichaka. Nilimwita Ogutu. Alikuja kinyumenyume, akipapasa kwa mguu, mpaka akaugusa mtungi.

"Ero kamano, maro," akaishukuru barabara tupu.

"Linyweshe polepole," kichaka kikajibu.

Tuliingia Pap Onditi injini inanguruma. Badru alikuwa amesimama na kamba ya kuvutia. Alizunguka lori, akanusa rejeta, akasema ni bahati tu. Chanchal akamwomba kamba hiyo tufungie magunia, naye akaitoa. Nilienda nyuma ya lori nikalia kidogo, kwa furaha, na kwa kumkumbuka aliyeniachia.

Mtungi wa watu haurudishwi mtupu. Ogutu aliutia chumvi na majani ya chai, na jioni, kwa mara ya kwanza tangu aoe, akasimama kijitoni, akiwa amepiga honi tangu mbali. Akaweka mtungi ukingoni, akayapa mafunjo mgongo, akaanza kusalimia: hali ya nyumbani, mtama, ng'ombe mmoja mmoja kwa jina. Mafunjo yakajibu yote, nayo yakawa na maswali yao.

Chanchal alitazama jua likizama. "Mama, sasa hii ndiyo itachelewesha gari."

Nikamwambia atulie. Lori ni langu.