Itume Kama Faili

Miezi minne ilikuwa imepita tangu fundi cherehani atoke kwa mumewe mguu niponye, mtoto mgongoni, taya limevimba kwa kipigo. Mume aliapa kumsaka, na akimpata, mara hii hatamwacha hai. Ndiyo maana hata mama yake mzazi hakuambiwa anakoishi. Mama yule ni mwema, ila hana kifua. Siri kwake hailali.

Shida ikawa meno. Mjukuu, waliyemwita Kibogoyo, alikuwa ameota mawili, na bibi akataka kuyaona. Kila picha aliyotumiwa ilijibiwa kwa lawama: "Mwanangu, hii ni picha au ukungu?"

Mpiga picha wa chumba cha jirani akamcheka. "Ukiona vyaelea, fundi, vimeundwa. Futa kioo cha kamera, kimejaa mafuta ya nywele. Mtoto aelekee dirishani. Usivute kwa vidole, sogea wewe mwenyewe. Halafu usiitume kama picha, itabanwa ipoteze ubora. Itume kama faili, ifike na vyake vyote."

Msimlaumu, maana alijihadhari. Alibandua kalenda ya duka ukutani, akaficha mfuko wenye jina la soko, hata jezi ya timu ya pale akamvua mtoto. Kisha akapiga, na saa mbili asubuhi akatuma.

Saa saba mchana mama akampigia simu, kicheko tele. "Nimeyaona! Mpaka ufizi! Na nikiisukuma picha juu inatokea ramani, na mtaa wenu huo hapo. Kumbe ni mwendo wa saa nne tu kwa basi!"

Faili ilikuwa imebeba hata mahali ilipopigwa. Fundi aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Mama, nani kakufundisha kuisukuma?"

"Si mumeo! Alipita asubuhi kunisalimu, maskini, kakonda. Nimemwonyesha mwanawe, machozi yakamtoka. Mwanangu, yaliyopita si ndwele."

Alitaka kumfokea, akashindwa. Mama ni mama.

"Yuko hapo?"

"Wee! Kaondoka tangu saa tatu, chai hata hakuimaliza. Kasema usihangaike kupika, hatakaa sana."