Utenzi Uliomshinda Mama Pacha

Mama Pacha alifaulu hesabu, akafaulu biolojia, akafaulu hata jiografia ambayo hakuwahi kuipenda, kisha akaanguka Kiswahili. Lugha aliyonyonyea! Lugha anayofokea watoto, anayoombea, anayoota. Matokeo aliyasoma mara tatu akiwa amesimama katikati ya chumba cha dobi cha hospitali, mvuke ukimlowesha uso, hadi mwenzake akamuuliza, "Kuna msiba?"

"Nimefeli Kiswahili."

"Wewe?" Mwenzake huyo, ambaye hospitali nzima ilimwita Spika kwa ajili ya sauti yake, aliachia ncha za shuka. "Wewe unayeongea kutwa? Kwani walikuuliza nini?"

"Utenzi."

Nafasi ya mtunza stoo ya mashuka ilikuwa wazi, na msimamizi alishasema hampi mtu asiye na cheti cha sekondari chenye Kiswahili ndani yake. Miaka kumi na minne ya kunyanyua nguo zilizolowa ilikuwa imemharibu mgongo Mama Pacha. Stoo ilikuwa na kiti. Kwa hiyo akajiandikisha tena darasa la jioni, akanunua tena kile kitabu chembamba alichokuwa amekitupa kwa hasira, akaketi mbele ya mwalimu ambaye angeweza kuwa kitinda mimba wa mama yake.

Utenzi wenyewe ulikuwa na beti mia moja na kumi na mbili. Mke anamwandikia mume aliyesafiri miaka saba. Anamweleza habari za kitanda. Halafu habari za mlango. Halafu anarudi kwenye kitanda. "Beti kumi za kitanda!" Mama Pacha alimlalamikia Spika. "Mimi nakunja mashuka ya vitanda mia mbili kwa siku, hakuna anayeniandikia utenzi."

Wiki ya pili mwalimu aliwapa zoezi waeleze neno linalojirudia. Mama Pacha aliliona mara moja: ndoo. Karibu kila ubeti, ndoo. *Ndoo mume wangu ndoo.* Mambo ya ndoo nani angemfundisha? Aliandika ukurasa mzima: kwamba ndoo ni ishara ya nyumba isiyo na maji, kwamba mke amechoka kuteka peke yake, kwamba ndoo tupu ni moyo mtupu. Alisimama akausoma kwa sauti, kichwa juu.

 Askari wa benki aliyekuwa akikaa dawati la nyuma akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua kofia.

"Mama," mwalimu alisema taratibu, "hapo *ndoo* ni njoo. Ni Kiswahili cha kale. Kama *ndia* ilivyo njia, na *mato* yalivyo macho."

"Sasa mbona hakuandika njoo?"

"Ndivyo walivyosema kwao."

"Basi angewaandikia hao wa kwao!"

Nyumbani wale pacha wake, wasichana wa miaka kumi na sita wasiojua huruma, walilipata hilo kabla hajavua viatu. Wiki nzima hakuitwa mezani ila kwa kuambiwa, "Ndoo, mama, ndoo." Mama Pacha akaapa kwamba huyo mtunzi, popote alipozikwa, ana kesi naye.

Akanunua mwongozo. Mwongozo haukuwa na maneno mengi: dhamira kuu ni uvumilivu wa mke, kitanda ni ishara ya ndoa, mshororo wa *kama ndia waijua* unaonyesha hofu ya mke kwamba mumewe amepotea. Akakariri. Alikariri akipiga pasi, akakariri akipanga foleni, akaubana ukurasa kwa kibanio kwenye waya wa kuanikia ili akariri akikunja mashuka.

"Unanung'unika nini?" Spika aliuliza. "Kama ni umbeya, sema nisikie."

"Utenzi."

"Sema nisikie."

Basi akamsomea. Shuka la hospitali hukunjwa na watu wawili: mnashika ncha, mnavuta, mnakutana, mnarudi nyuma. Baada ya mashuka matatu Mama Pacha aligundua kwamba sauti yake ilikuwa inavuta pale mikono inapovuta, na kutua pale wanapokutana. Spika naye aliacha kuongea, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

*Ndoo wana wakujue,
kama ndia waijua.*

"Heee!" Spika alisimama na shuka kifuani. "Kamwambia!"

"Kamwambia nini? Ana hofu mume amepotea."

"Nani kakudanganya? 'Njoo watoto wakujue, kama njia unaijua.' Miaka saba! Huyo haogopi kitu, shoga yangu. Anamsuta. Mimi baba watoto wangu nilishamwambia hivyohivyo, mlangoni, majirani wakisikia. Endelea."

Mama Pacha akaendelea, safari hii kwa sauti ya Spika. Kila kitu kikageuka. Sifa za mume zikawa kejeli. Na ubeti wa thelathini na moja, baada ya maelezo yote ya kitanda, nakshi zake na miguu yake, ukawa na mshororo aliokuwa ameupita mara ishirini bila kuuona: *kitanda nalikiuza.*

"Kakiuza!" Spika alipiga kelele hadi muuguzi akachungulia.

Mama Pacha alihisi ameibiwa. Mwongozo mzima, na hakuna aliyemwambia kwamba kitanda kimeuzwa!

Siku ya jaribio aliandika kurasa mbili kwa hasira tupu. Alipata kumi na moja kati ya ishirini. Askari wa benki, aliyenakili mwongozo neno kwa neno, akapata kumi na sita.

Alimsubiri mwalimu mlangoni. "Nieleze. Yeye hata kitanda hajui kama kimeuzwa."

"Najua, mama. Wewe umesoma vizuri kuliko yeye na kuliko mwongozo."

"Na kumi na moja?"

"Umemtukana mume kurasa mbili, hujanionyesha hata ubeti mmoja. Mimi nimekuamini kwa kuwa nakujua. Msahihishaji hakujui. Muoneshe kwa kidole: hapa, na hapa, na hapa."

Alitaka kumjibu vibaya. Aliondoka bila kuaga, akatembea mitaa miwili akijisemea, kabla hajakiri kwamba kijana alisema kweli, na hilo likamkera zaidi.

Kwa hiyo akaanza upya kwa penseli, akipigia mstari kila *ndoo* kwa kuwa hiyo ndiyo iliyomwaibisha. Kule chumba cha dobi Spika alishika ncha zake za shuka, akingoja. Beti za mwanzo neno lilikuja mara mbili, mwanzoni na mwishoni mwa mshororo. Zilipofika hamsini likawa linakuja mara moja. Kisha ukapita ubeti mzima bila kulipata. Mama Pacha akafunua mbele, akarudi nyuma, akahesabu kwa kidole. Kuanzia ubeti wa tisini na nane hadi mwisho, penseli haikuwa na pa kugusa.

"Nini?" Spika aliuliza.

"Hamwiti tena."

"Si nilikwambia anamsuta?"

"Hapana, sikiliza. Huku mwanzo alikuwa anamwita kweli. Tazama, mara mbilimbili, kama mtu anayeita ng'ambo ya barabara. Kisha akaanza kumsuta. Halafu hapa..." Akaonyesha ukurasa. "Hapa amenyamaza. Anaeleza habari za mvua na za watoto, basi. Hakusema nimekuacha. Ameacha tu kumwita."

Mashine ya kukaushia ilikuwa imesimama. Spika alilitazama shuka alilolishika kana kwamba hajui limefikaje mikononi mwake.

"Mimi nilipoacha kumwita wangu," alisema kwa sauti ndogo ambayo Mama Pacha hakuwahi kuisikia, "sikumbuki hata ilikuwa siku gani."

Mama Pacha aliweka penseli, akashika ncha zake, wakakunja mashuka arobaini.

Kwenye mtihani Mama Pacha aliandika sentensi moja ya uvumilivu, kwa kumridhisha anayehitaji kuridhishwa, kisha akaandika "hata hivyo" na kurasa tatu zenye namba za beti kila mahali. Mkono uliuma. Matokeo yalipotoka Kiswahili kilikuwa cha wastani, si cha kujivunia, lakini kilitosha, na mwezi uliofuata akapewa funguo za stoo. Mwalimu alipomtaka arudi kuwasomea wanafunzi wapya, alimwambia wazi kwamba hana muda, kisha akaenda kuwasomea.

Spika alipewa mwenzi mpya, msichana mpole anayekunja bila kusema. Hakuvumilia hata wiki. Saa ya chai akawa anapanda stoo, anakaa juu ya mafurushi, anadai wasome kingine. Mama Pacha alileta tamthilia moja kongwe ambayo pacha wake walikuwa wakiilalamikia. Walianza Jumatatu. Hadi leo hawajavuka ukurasa wa nne, kwa sababu Spika anasema mfalme ni mwongo, Mama Pacha anasema ni mwoga, na kila mmoja anamtaka mwenzake amuoneshe ni wapi palipoandikwa.