Barua Mbili, Jumatatu Moja

Telesphori alikuwa na barua mbili katika mfuko mmoja wa shati, na zote mbili zilimtaka Jumatatu ileile, saa mbili asubuhi. Moja ilitoka wizarani, ndani ya bahasha ya kaki: amehitimu stashahada ya kilimo, amepangiwa kuwa bwana shamba Ushirombo, aripoti bila kukosa. Nyingine iliandikwa kwa mkono na Marcelino, afisa utamaduni. Ilisema kwamba kiwanda kimoja cha kuchambua pamba pale Shinyanga mjini kinaunda kikundi cha ngoma, wapigaji watalipwa mshahara kama wafanyakazi wengine, aje Jumamosi ajaribiwe, na akifaulu aanze Jumatatu. Mshahara wa kupiga ngoma! Mwaka ule wa 1977, mtu angekuambia kuna mshahara wa kupiga chafya ungemwamini upesi zaidi.

Tuseme ukweli, kijana huyu ngoma ilikuwa imemwingia mwilini. Kwao, nje kidogo ya Songwa, vijana walikuwa wakilima kwa kundi. Anayetaka shamba lake lilimwe anamwendea nsumba ntale, yaani mkubwa wa vijana, naye anampangia siku. Siku ikifika wanakuja watu thelathini na majembe yao, wanajipanga mstari mmoja, na mbele yao anatembea mpiga ngoma, kinyumenyume, uso kwa uso na wanaolima. Yeye halimi. Kazi yake ni kuipa mikono ya wenzake mwendo. Chakula kikiletwa anakula sahani sawa na waliolima, na humsikii mtu akinung'unika. Telesphori aliifanya kazi hiyo tangu ana miaka kumi na mitatu. Alipokwenda chuoni Mwanza alikuwa akipiga meza kwa vidole mpaka wakamtoa maktaba mara mbili.

Sasa mtu wa namna hiyo umshauri nini?

Alianza na mama yake, Generoza. Siku tatu nzima alijiandaa kumkabili kama mtu anayekwenda mahakamani, maana alijua atasikia habari za ada, na za viatu vya shule, na za kiburi cha watoto waliosoma. Alimkuta anapepeta mtama, akamsomea barua zote mbili. Generoza alisikiliza bila kuinua kichwa, ungo ukienda juu na chini.

"Kapige," alisema.

Telesphori alidhani hakusikia vizuri.

"Baba yako alisukuma toroli pale kwenye mgodi wa almasi miaka kumi na saba, mpaka tukamzika," mama akaendelea. "Hata siku moja hakuna aliyemuuliza anapenda nini. Hata mimi mkewe sikumuuliza. Wewe umeulizwa. Kapige."

Hoja zake zote zikabaki bila wa kumpa. Akatoka pale hajui amshukuru mama yake au amkasirikie.

Basi akaenda kwa Kalisti. Kalisti ndiye aliyekuwa nsumba ntale, mtu mfupi mwenye mabega ya fahali, na ndiye aliyemfundisha kushika vijiti. Huyu, Telesphori alijisemea, ataruka kwa furaha. Kalisti alikuwa anachonga mpini. Alisikia habari ya mshahara, akaliweka panga chini.

"Huku ukipiga vibaya, nani anajua wa kwanza?"

"Wanaolima."

"Na huko mjini?"

Kalisti akaokota panga lake. "Nenda Ushirombo," alisema. "Ngoma iache hapa, haitakukimbia."

Mnaona balaa hilo? Aliyetakiwa kukataa kakubali, na aliyetakiwa kukubali kakataa. Kichwa kikamvurugika kabisa. Asubuhi anaamka ni bwana shamba, ikifika saa nne ni mpiga ngoma, wakati wa kula hata njaa haijui iko wapi. Aliuliza mpaka dukani. Mwamvua muuza duka akamwambia aachane na barua zote, aende Geita akachimbe dhahabu kama watu wengine, apumzike na mawazo.

Alhamisi ya wiki hiyo ilikuwa zamu ya shamba la Mama Scolastika. Mama huyu alifiwa na mume mwaka uliotangulia, alikuwa na ekari mbili za pamba na watoto wadogo wasioweza kuinua jembe. Mvua ya kwanza ilikuwa imeshapita, udongo umelainika. Telesphori alivaa ngoma yake akijua kwamba huenda ni mara ya mwisho, na wazo hilo likamwingia mikononi.

Alipiga siku ile, jamani. Alipiga mpaka wanaopita njiani na baiskeli wakashuka. Wimbo ukawaka, majembe thelathini yakawa yanainuka pamoja na kushuka pamoja, jasho linaruka, vijana wanacheka wakiwa wameinama. Katikati ya shamba Kalisti aliinua mkono wake juu kabisa. Telesphori akaona sifa hiyo, damu ikamchemka, akaongeza mwendo. Shamba ambalo huwapeleka mpaka alasiri lilikwisha kupigwa matuta kabla ya saa sita. Mama Scolastika alilia kwa furaha, akaanza kupanda mbegu siku hiyohiyo pamoja na wanawe. Telesphori akarudi nyumbani akiwa na uhakika kabisa. Ngoma ndiyo kazi yake, na Ushirombo wapeleke mtu mwingine.

Jumamosi akapanda basi kwenda Shinyanga. Majaribio yalifanyika katika ukumbi wa kiwanda, sakafu ya saruji imefagiliwa vizuri, wachezaji kumi na wawili wamevaa sare, kila mmoja na jembe la mbao nyepesi lililopakwa rangi ya fedha. Akaanza kupiga. Wachezaji wakainua majembe, wakashusha, majembe yakaishia hewani. Mikono ya Telesphori ikapotea. Maisha yake yote alikuwa akipiga, kisha anasikia majembe yakizama ardhini, na ule mshindo ndio unaomwambia mkono urudi lini. Hapa hapakuwa na mshindo wowote. Akapiga, akangoja, akachelewa. Akaanza upya, akachelewa tena.

"Kijana, unangoja nini?" Marcelino akamuuliza.

Aliona aibu kusema kwamba anangoja udongo.

Marcelino hakuwa mtu wa kudharau watu. Alimwendea, akamweleza polepole kwamba mambo ya jukwaani ni tofauti kidogo: ahesabu moyoni nne kwa nne, asiangalie majembe, aangalie watu waliokaa. Telesphori akafanya hivyo. Mara ya tatu ikakaa sawa. Makarani waliokuwa wamesimama mlangoni wakapiga makofi, na Marcelino akamshika mkono, akamwambia amefaulu, waonane Jumatatu.

Ndani ya basi la kurudi alikaa akiitafuta furaha kama mtu anayepapasa mifuko kutafuta ufunguo. Hakuipata. Labda itakuja kesho, aliwaza. Labda kila kazi siku ya kwanza iko hivyo, na hata mshona viatu anayependa viatu siku ya kwanza haoni raha. Au labda yeye si mpiga ngoma hata kidogo, ni mtu aliyezoea kusikia majembe tu. Wazo hili la mwisho lilimtisha kuliko yote. Karibu na Songwa mvua kubwa ikalipiga basi, mpaka dereva akasimama pembeni kungoja ipungue.

Jumapili alipotoka kanisani alimkuta Mama Scolastika anamngoja nje, ameshika kuku aliyefungwa miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Huyu ni wako, wa ile ngoma ya Alhamisi. Siku ile hata msiba wangu niliusahau." Akamkabidhi kuku, kisha akamwomba waende naye shambani mara moja, kuna kitu aone.

Matuta yalikuwa yamelala. Maji yalikuwa yamepita juu yake kutoka huku mpaka kule, yakabeba udongo pamoja na mbegu, yakavimwaga mtaroni. Majirani watatu wanne walikuwa wamesimama pale, wote wanailaumu mvua. Mvua gani hii, walisema, haijawahi kunyesha mvua ya namna hii.

Telesphori akachuchumaa, kuku kwapani. Kulikuwa na matuta machache ya pembeni ambayo maji hayakuyafikia. Akaingiza mkono. Tuta la pamba alilofundishwa chuoni lilitakiwa lifike magotini, tena mifereji ya kati ifungwe kwa vizuizi vya udongo ili maji yatulie. Swali hilo lilitoka kwenye mtihani, naye alilipata lote. Matuta haya hayakufika hata juu ya kifundo cha mguu. Majembe yalikuwa yamekwaruza ardhi yakapita mbio, na aliyewapa mbio hizo alikuwa yeye. Alhamisi nzima alikuwa ametembea kinyumenyume mbele ya matuta hayo akiangalia nyuso za watu, hakutupa jicho chini hata mara moja. Yeye, bwana shamba mzima!

"Wewe umesomea haya, mwanangu," Mama Scolastika alisema. "Niambie nimekosea wapi."

Angeweza kusema ni mvua. Kila mtu alikuwa ameshasema ni mvua, na neno lilikuwa tayari mdomoni. Kuku akajitikisa kwapani mwake.

"Hukukosea, mama. Ni mimi. Niliwakimbiza, wakawa wanakwaruza tu."

Telesphori alitamani yule mama amtukane, ingekuwa nafuu. Mama Scolastika akaangalia mtaro, akaangalia shamba.

"Mbegu imebaki nusu debe," alisema mwishowe. "Kesho wanaweza kurudi?"

Kesho ilikuwa Jumatatu.

Alikwenda kwa Kalisti palepale, akamwomba vijana. Kalisti akakubali bila maneno mengi, ila alipokuwa anamsindikiza akamwambia, "Alhamisi niliinua mkono ili upunguze mwendo."

"Nilidhani unanisifu."

"Najua ulidhani hivyo," Kalisti akasema.

Jumatatu saa mbili asubuhi, saa ambayo watu wawili katika sehemu mbili walikuwa wanamngoja, Telesphori alikuwa shambani na ngoma kiunoni. Alipiga polepole. Vijana wakalalamika, wakasema hiyo ni ya matanga, na wimbo ukafa kabla haujafika mstari wa pili. Yeye akaendelea hivyohivyo, anarudi nyuma hatua kwa hatua, macho yako kwenye udongo, na kila mara anasimamisha mkono na kusema hapa ongezeni, hapa bado. Hakuna aliyeshuka kwenye baiskeli. Ilikuwa ngoma mbaya kuliko zote alizopiga tangu azaliwe, na aliusikia ubaya wake kwa masikio yake mwenyewe.

Walimaliza jua limeshapinda. Mama Scolastika aliinama, akachomeka mkono kwenye tuta mpaka kiwiko kikazama, kisha akaenda kuleta ugali. Telesphori akala na wenzake. Mabega yalimuuma, hakuna aliyemsifu, na bado hakutaka kuondoka pale. Akajiuliza hiyo ni raha au ni uchovu. Akajiuliza kama ni ubwana shamba au ni ngoma. Hakuelewa kitu.

Jumanne Generoza alimbebea begi mpaka barabarani. Ukitoka kwao, basi la Ushirombo linapita kwanza Shinyanga mjini, kisha Kahama, ndipo linaendelea. Kwa hiyo basi lilikuwa lilelile moja.

"Unakwenda wapi?" mama akamuuliza.

"Sijui, mayu," akamwita mama kwa lugha ya kwao.

"Basi panda," alisema, akamkabidhi kifurushi cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa.

Kondakta alipopita kukusanya nauli, Telesphori akamwomba amngojee kidogo. Kondakta akamtazama kwa jicho la kumwona mwizi wa nauli, akapita. Shinyanga basi lilisimama karibu nusu saa. Kutoka dirishani aliliona paa la kiwanda, na pamba iliyonaswa kwenye waya wa uzio. Bado alikuwa na nafasi. Marcelino angemkaripia kidogo kwa kuchelewa siku moja, kisha angemsamehe. Nne kwa nne, angalia watu waliokaa. Angeizoea, hilo alilijua kabisa, na ndilo lililomwogopesha. Mikono yake ilikuwa mitupu magotini, maana ngoma alimwachia Kalisti.

"Haya, bwana, unashuka au hushuki?" Kondakta alikuwa amerudi, kitabu cha tiketi mkononi.

"Ushirombo," Telesphori akasema.

Neno lilitoka kabla hajalifikiria. Basi likaondoka, paa la kiwanda likabaki nyuma, naye akaanza kulia mbele za watu, mtu mzima mwenye stashahada, na hakujua analia kwa sababu amechagua vibaya au kwa sababu amechagua. Mama aliyekaa karibu naye akamsogezea kona ya kanga yake ajifute. Kondakta akalainika kidogo, akamkatia tiketi, akamuuliza ana nini huko Ushirombo, kuna msiba?

"Hapana, kaka. Nimepangiwa kazi," alisema Telesphori. Akajifuta pua. "Eti, unawajua watu wa kule? Wanalima kwa ngoma?"