Damu ya Bi Sikuzani

Mwaka ule wa hamsini na tatu, Bi Sikuzani wa Marambo alikuwa amepungua kimo. Kanga iliyokuwa ikimfika kifundoni sasa aliiburuta, na kumtazama mtu usoni kulimlazimu apindishe shingo kama anayechungulia uvunguni. Mgongo haukumpa nafasi. Binti yake Mwamina, aliyerudi nyumbani baada ya kuachika, ndiye aliyelima, aliyetwanga, aliyechota maji, na masikio yake yalikuwa yamechoka na ile "mgongo wangu, mwanangu."

Mwishowe alimpakia kwenye lori la karanga hadi hospitali. Daktari wa Kizungu alimpapasa uti wa mgongo pingili kwa pingili, kisha akaagiza atolewe damu. Bi Sikuzani akaukumbatia mkono wake mwenyewe. Habari za mumiani, wanyonya damu, alizijua vizuri.

"Bibi," alisema Kipriani, dresa, msaidizi wa daktari pale, "tunataka kupima chokaa iliyomo ndani ya damu. Mifupa ikiharibika, huenda damu ikatuambia. Tutaipeleka Dar es Salaam."

"Mimi mwenyewe sijafika huko," alisema kizee, akaunyoosha mkono.

Majibu yalichukua wiki sita. Mwamina aliyafuata kwa miguu, peke yake. Daktari alikuwa safarini, kwa hiyo Kipriani ndiye aliyemsomea karatasi.

"Chokaa iko sawa. Vingine navyo sawa. Damu haina kasoro. Lakini mlete tena, daktari amwone."

Ya mwanzo yalimwingia Mwamina. Ya mwisho yalimpita. Njia nzima hasira zilimpanda. Kumbe miaka yote ile alikuwa akijiua kwa kazi kwa ajili ya mtu asiyeumwa!

"Mama, damu yako safi," alisema kabla hata hajaketi. "Huumwi kitu."

"Basi huu mgongo una nini?"

"Una uvivu."

Asubuhi yake Bi Sikuzani alichukua debe, akashika njia ya kisimani. Mwamina alimwona akipita. Akaendelea kupepeta mtama.

Walimkuta amelala kando ya kisima, maji yamemwagika chini. Hakuteleza wala hakujikwaa. Alikuwa akiinua debe tu, mfupa wa nyonga ukakatika, ndipo akaanguka. Walimpeleka hospitali juu ya kitanda cha kamba.

Daktari alieleza, Kipriani akitafsiri: "Wanawake wengine wakishakoma hedhi, mifupa yao huisha polepole, na damu hubaki kama ya msichana. Tulikuwa tunatafuta magonjwa mengine. Huu wake hatujapata kipimo cha kuuona kwenye damu."

Mfupa haukuunga. Alilala wiki tano, vidonda vya kitanda vikamtoboa, kisha kifua kikabana. Mwamina alipiga magoti akamwomba msamaha.

"Wewe umeambiwa juzi na karatasi, ukaiamini," mama alisema kwa shida. "Mimi nimekuambia miaka miwili."

Alifariki siku ya pili yake.

Wakati wa kumwosha, Mwanawetu, mdogo wa marehemu, aliuliza ilikuwaje mgonjwa akaenda kisimani. Mwamina alikuwa ameshika birika. Angeweza kunyamaza.

"Nilimwambia ni mvivu, mama mdogo."

Mwanawetu akalichukua birika mkononi mwake, akamwambia atoke. Mwamina alisimama nje ya pazia, akasikia maji yakimwagwa, na wanawake wakisaidiana taratibu kumgeuza mama yake ubavu.